Tutamjuaje Mtabiri wa Kweli?

Sherehe ya Tokeo la Bwana

Ndugu wasikilizaji wapendwa, katika Dominika hii Mama Kanisa anaadhimisha Tokeo la Bwana, na Injili iliyosomwa makanisani yatusimulia habari za mamajusi waliotoka mashariki wakiifuata nyota. Nasi twaadhimisha sherehe hii katika siku ambazo magazeti yamejaa habari za nyota za namna nyingine. Mwaka ukianza, mnajimu hupewa nafasi kubwa. Hueleza nani atapata cheo, nani ataachika, na kiongozi gani atapatwa na msiba. Aliyezaliwa chini ya Simba huambiwa ajihadhari na rafiki wa karibu. Aliyezaliwa chini ya Mizani huambiwa kwamba mwezi Machi utamletea fedha. Na asiyenunua gazeti hukuta tangazo limepigiliwa kwenye nguzo ya umeme: mganga na mtabiri kutoka mbali, husafisha nyota, humrudisha mpenzi aliyeondoka, humtaja adui yako kwa jina, namba ya simu ni hii.

Tunalo swali tulilopewa miaka kadhaa iliyopita, ambalo hatukulijibu vema. Aliyetuuliza alikuwa mama mmoja wa kigango chetu, katika nchi ya Usukuma tulikokuwa tukitoa huduma wakati huo. Alisema hivi: "Baba, najua waongo ni wengi. Lakini wa kweli je? Mtu atamtambuaje?" Tulimjibu kwa haraka, tukiwa tumesimama mlangoni mwa sakristia, funguo mkononi, kwamba jambo hilo ni dhambi na kwamba asilirudie. Akainama, akaondoka. Jibu letu halikuwa na kosa mbele ya mafundisho, maana Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yakataa waziwazi kila namna ya uaguzi, pamoja na kutazamia nyota na kusoma viganja. Lakini mama hakuuliza kama jambo hilo limeruhusiwa. Aliuliza kama ni kweli. Mtu akikuuliza kama maji haya yanafaa kunywewa, nawe ukamjibu kwamba kisima ni cha jirani, hujamjibu.

Sababu iliyomfanya aulize tutaieleza baadaye, kama nasi tulivyoijua baadaye. Kwanza tulitafute jibu alilostahili kupewa.

Wala tusianze kwa kumcheka. Aendaye kwa mpiga ramli mara nyingi hapelekwi na upumbavu, hupelekwa na uchungu. Mtoto amekufa ghafula, ng'ombe wameisha zizini, mume alikwenda mgodini hajarudi, kijana amesoma na huu ni mwaka wa tatu hana kazi. Mfa maji haishi kutapatapa. Daktari husema neno moja, malaria, na neno hilo laeleza jinsi mtoto alivyokufa. Halielezi kwa nini amekufa wa kwangu na si wa mwingine. Hapo ndipo mpiga ramli anapotandika mkeka wake. Tena tuseme mapema kwamba hatumzungumzii leo mganga wa mitishamba. Mzee ajuaye mzizi wa kutuliza tumbo ana ujuzi, na ujuzi wake waweza kupimwa. Ndiyo maana Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002. Tunamzungumzia yule asemaye kwamba anayaona yaliyofichika.

Yupo mtakatifu mmoja ambaye angemjibu mama yule vizuri kuliko sisi, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuwa mteja. Mtakatifu Augustino alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, mwaka 354. Katika kitabu chake cha Maungamo hafichi kwamba ujanani, akiwa msomi mwenye akili nyingi, aliwaendea wanajimu na kuvisoma vitabu vyao. Tabibu mmoja mzee, mtu wa heshima, alimwonya kama baba amwonyavyo mwanawe. Alimweleza kwamba naye alijifunza elimu hiyo alipokuwa kijana akikusudia imlishe, kisha akaiacha na kushika utabibu, kwa kuwa aliona ni uongo, wala hakutaka kula chakula cha kudanganya watu. Augustino hakusadiki mara moja. Aliuliza kama tuulizavyo sisi: mbona basi mara nyingi wanapatia? Mzee akamjibu kwamba ni bahati, nayo imeenea katika mambo yote ya ulimwengu.

Kilichomtoa kabisa ni habari aliyosimuliwa na rafiki yake aitwaye Firmino. Baba yake Firmino aliupenda mno unajimu, naye alikuwa na rafiki mwenye shauku hiyohiyo. Hata wanyama wao wa nyumbani walipozaa, waliandika saa na kuzitazama nyota. Ikawa mama yake Firmino ni mjamzito, na mjakazi katika nyumba ya yule rafiki naye ni mjamzito. Wanaume wale wawili wakahesabu siku na saa kwa uangalifu mkubwa. Wanawake wakajifungua kwa wakati mmoja. Kila nyumba ikatuma mjumbe kwenda kwa nyumba ya pili, na wajumbe wakakutana katikati ya njia. Nyota za watoto wale zilikuwa zilezile, pasipo tofauti ambayo mtu angeweza kuiandika. Firmino akakua katika mali na heshima. Mtoto wa mjakazi akabaki mtumwa, akiwatumikia mabwana zake.

Augustino akatafakari. Mnajimu akiletewa nyota za watoto hao wawili, ili aseme kweli yampasa atoe maneno mawili tofauti kutokana na maandishi yaleyale. Akitoa neno moja kwa wote wawili, amekosa kwa mmojawapo. Basi asemapo kweli, kweli hiyo haikutoka nyotani. Tena akawakumbuka Esau na Yakobo, pacha waliozaliwa mmoja ameshika kisigino cha mwenzake, na maisha yao yakawa mbalimbali kama mlima na bonde. Inatupendeza kuona kwamba hoja iliyomfungua mwalimu huyu mkuu wa Kanisa haikuletwa na malaika. Ililetwa na mtoto wa mtumwa, ambaye hata jina lake halikuandikwa.

Wenye kuijua anga huongeza jambo lingine. Dunia huyumba polepole mithili ya pia izungukayo, na mzunguko mmoja wa kuyumba huko huchukua miaka karibu 26,000. Kwa sababu hiyo buruji 12 za magazetini zimehama kutoka mahali zilipokuwa miaka 2,000 iliyopita. Aliyezaliwa mwanzoni mwa Aprili huambiwa na gazeti kwamba yeye ni Punda, lakini angeitazama anga yenyewe angelikuta jua liko katika Samaki. Hoja ni nzuri. Hata hivyo hatudhani kwamba imewahi kumwinua mtu kutoka kwenye mkeka wa ramli. Anayelia hahesabu buruji.

Kinachomkalisha mtu pale ni neno moja ambalo sote tumelisikia: "Lakini alijua!" Alijua jina langu, alijua nina maumivu, alijua nina adui. Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa saikolojia nchini Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia, kisha baadaye akampa kila mmoja karatasi yenye maelezo yake binafsi. Akawaomba waipe karatasi hiyo alama, 0 ikiwa haifanani nao, 5 ikiwa yafanana nao kabisa. Wastani ukawa 4.26. Ndipo ilipobainika kwamba karatasi zote 39 zilikuwa na maneno yaleyale, na sehemu kubwa ya maneno hayo aliyachukua katika kitabu cha nyota kilichokuwa kikiuzwa mitaani. Jaribuni wenyewe. Mwambieni mtu yeyote, wa kijiji chochote: yuko mtu wa karibu asiyekutakia mema, uliwahi kukaribia mafanikio, kukatokea jambo, usiku mgongo hukusumbua, unawatendea watu wema nao hawakurudishii. Nani atakataa? Neno linalomfaa kila mtu halikumwona mtu yeyote.

Musa alijua hayo kabla ya vyuo vikuu. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, akiisha kuwakataza Waisraeli uaguzi wote, awapa kipimo: mtu akinena na neno lake lisitimie, neno hilo halikutoka kwa Mungu, wala msemaji wake si wa kuogopwa. Kipimo ni chepesi, ila chadai kwamba neno lisemwe wazi, lisemwe kabla, na awepo mtu wa kuyahesabu yaliyokosa sawa na yaliyopata. Mambo hayo mpiga ramli hayapendi. Mwaka mmoja tuliwaambia vijana wetu wa Kipaimara wakate kurasa za utabiri wa Januari, wazibandike katika daftari, kisha tulifungue daftari hilo wakati wa Majilio. Vijana walicheka sana siku ile. Yaliyokuwa wazi yalikosa, na yaliyotimia hayakuwa wazi: kwamba mtu mashuhuri atafariki, kwamba mvua itasumbua mahali fulani, kwamba ndoa ya mtu maarufu itatikisika. Ni mwaka gani hayo hayatukii? Msichana mmoja akasema kwamba hata bibi yake angeweza kuandika ukurasa ule, na angeuandika kwa Kiswahili kizuri zaidi.

Mtakumbuka pia habari za nabii Yeremia na Hanania, katika sura ya 28 ya kitabu cha Yeremia. Hanania alisimama hekaluni mbele ya watu wote akatangaza kwamba Mungu ameivunja nira ya Babeli, na kwamba vyombo vya hekalu vitarudi katika muda wa miaka 2. Kila mtu alitaka kusikia hilo. Yeremia mwenyewe alilitaka, akaitikia Amina. Lakini akasema kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake litakapotimia. Na halikutimia. Kwa jambo moja twaweza kumsifu Hanania: alikuwa mwongo aliyetaja muda. Wa siku hizi husema "karibuni."

Wapo wataalamu waliotaka kuwatendea wanajimu haki kwa kuwapima kwa masharti ambayo wao wenyewe waliyakubali. Jaribio moja linalojulikana sana lilifanywa Marekani na Shawn Carlson, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1985. Walishiriki wanajimu 28 wenye sifa nzuri miongoni mwa wenzao. Kila walipopewa nyota za mtu, waliwekewa maelezo matatu ya tabia, moja likiwa la mtu huyo na mawili ya watu wengine. Kazi yao ilikuwa kumtambua mwenyewe. Wao walitazamia kupata angalau nusu. Walipata karibu moja kati ya tatu, yaani kiasi ambacho mtoto angepata kwa kufumba macho na kugusa karatasi. Huko huko Marekani mfanya mazingaombwe James Randi alitangaza zawadi ambayo mwishowe ilifikia dola milioni 1, kwa yeyote atakayeonyesha uwezo wa namna hiyo mahali ambapo hila haziwezekani. Zaidi ya watu 1,000 waliomba kujaribiwa. Mwaka 2015 zawadi hiyo ilifungwa, na hakuna aliyeichukua.

Sisi wahubiri, tukifika hapa, hupenda kusema Amina na kuendelea na Nasadiki. Musa hakuishia hapa. Katika kitabu kilekile, sura ya 13, anasema neno zito zaidi: mtu akikupa ishara, na ishara hiyo ikatokea kweli, kisha akakuita uifuate miungu mingine, usimsikilize. Tazameni, ndugu: ishara imetokea! Amepatia! Na bado asisikilizwe. Kwa hiyo lile swali la kwamba amepatia au hakupatia lina kaka yake mkubwa, ambalo huuliza: amenipeleka wapi?

Ndivyo alivyofanya Mtakatifu Paulo kule Filipi, kama tusomavyo katika sura ya 16 ya Matendo ya Mitume. Kijakazi mwenye pepo wa uaguzi aliwafuata siku nyingi akitangaza kwamba hawa ni watumishi wa Mungu Aliye Juu. Neno hilo lilikuwa kweli tupu, wala Paulo hakulipokea. Alimfungua yule binti. Waliokasirika walikuwa mabwana zake, maana pato lao lilikuwa limekwisha. Ukitaka kujua duka ni la nani, angalia anayelia linapofungwa. Na neno hili lisikiwe pia na sisi tulio ndani ya makanisa, kwa kuwa leo wapo wanaojiita manabii, wenye vipaza sauti na chupa za mafuta, ambao humwambia mwamini aliyefiwa kwamba wamemwona katika maono adui wa nyumba yake. Kubadilisha ngozi ya chui kwa suti hakubadilishi kazi.

Maana kazi yenyewe, katika nchi yetu, ina jina. Watu huiita ramli chonganishi. Neno ramli latoka katika Kiarabu, na maana yake ni mchanga. Mpiga ramli wa asili hupiga nukta mchangani, na nukta hizo humpa alama 16, hazizidi. Kule Usukumani wengine hupasua kuku na kumsoma ndani. Alama 16, au matumbo ya kuku mmoja, na kutoka humo hutolewa jina la jirani! Hata methali zetu huazimwa kwa kazi hiyo. Mpiga ramli akisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako, msikilizaji tayari ameanza kuwapitia ndugu zake mmoja mmoja kichwani.

Tunajua matokeo. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, nayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi waliyowapikia watoto na wajukuu kwa miaka hamsini. Ndugu zetu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo, kwa sababu mtu aliyejiita mwenye kuona aliahidi utajiri. Kati ya mwaka 2000 na 2015 waliouawa Tanzania walizidi 70. Ndipo Januari 2015 Serikali ilipotangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli wasio na leseni. Katika mauaji hayo, mwenye panga huwa na uso na jina, naye hufikishwa mahakamani. Aliyetamka neno la kwanza, akiwa ameketi kwenye mkeka wake, mara nyingi hapatikani.

Sasa turudi kwa mama yule.

Alikuwa amefiwa na mtoto wa miaka 4 kwa degedege, usiku mmoja tu, kabla ya jogoo kuwika. Baada ya matanga, shemeji zake waliuza mbuzi, wakampeleka yeye na mumewe kwa mganga aliyesifika kwamba huona. Walifika alfajiri kwa baiskeli, wakaketi kwenye benchi pamoja na wengine, wakaitwa saa tisa alasiri. Mganga hakuwauliza neno. Alilitaja jina la mtoto. Akasema kwamba mtoto alipenda kucheza chini ya mwembe, na kwamba alikufa kabla ya jogoo. Kisha akasema kuwa aliyemwua ni mwanamke, mzee, mjane, akaaye upande wa magharibi, na kwamba alimshika mtoto kabla hajafa.

Upande wa magharibi alikaa bibi mmoja mjane, mkunga wa kijiji. Mwembe ulikuwa wa kwake. Watoto wote watatu wa mama yule aliwapokea kwa mikono yake, na usiku ule wa degedege ndiye aliyeitwa wa kwanza, akamshika mtoto, akamkanda kwa maji. Nani asiyemshika mtoto wa jirani anayekufa?

Katekista wa kigango akapata fununu. Jioni ileile akampandisha bibi kwenye baiskeli yake, akampeleka usiku kucha mpaka kwa binti yake, wilaya nyingine. Usiku wa pili yake nyumba ya bibi ilichomwa moto. Hakuwamo. Mama yule hakushika kiberiti. Ila yeye na mumewe ndio waliolirudisha neno lile kijijini.

Dominika iliyofuata alikuja mlangoni mwa sakristia akatuuliza kama wa kweli wapo, na jinsi ya kuwatambua. Hatukujua siku ile swali lile limebeba nini. Ikiwa mganga yule alikuwa wa kweli, basi moto ulikuwa wa haki. Ikiwa alikuwa mwongo, basi wamechoma nyumba ya mwanamke aliyewapokea watoto wao. Nasi tukampa sentensi moja, tukafunga mlango.

Katekista ndiye aliyetueleza yote, miezi mingi baadaye. Tukaenda nyumbani kwa mama, tukaketi naye mkekani pamoja na mumewe. Hatukuhubiri. Tulimwomba atusimulie siku ile tangu walipoamka, asiache kitu. Akasimulia njia, benchi, watu waliokuwapo. Akasema kulikuwa na binti mmoja mpole wa pale nyumbani, aliyewaletea uji, akaketi karibu naye, akampa pole, akamwuliza msiba ulikuwaje. Alipofika hapo alinyamaza. Tukasikia kuku uani. Halafu akasema, kwa sauti ndogo sana, "Nilimwambia mimi. Jina, mwembe, jogoo. Hata bibi nilimtaja, nikisema Mungu ambariki, maana alimshika."

Makatekista wapendwa, tunawaomba mlishike hilo kwa ajili ya kazi yenu. Mtu akiwajia na habari kwamba mtabiri fulani alijua, msimfokee wala msimwahi kwa mistari. Mwombeni asimulie siku nzima, pole pole, na hasa muda wa kungoja. Ulizeni nani alileta uji. Ulizeni simu yake aliishika nani, na namba yake ilitoka wapi, kwa kuwa siku hizi benchi limo ndani ya simu: mtu huandika shida zake mahali wengi wanaposoma, kisha hushangaa mgeni akimpigia na kuzijua. Halafu mwulizeni mtabiri huyo aliomba fedha mara ngapi, na je, kila malipo yalifuatiwa na hatari mpya. Mwisho mwulizeni, tangu aende huko, ni nani ambaye hamsalimu tena.

Ilikuwa Januari, kama sasa, na mama alikuwa ameisikia Injili ya leo kanisani. Akatuuliza swali la pili, na mara hii hatukuwa tumesimama. "Mbona mamajusi walifuata nyota, Baba, nao wamo katika Injili?"

Tulimwambia awatazame vizuri. Ni kweli walikuwa watu wa nyota. Lakini nyota haikuwatajia Bethlehemu. Walipofika Yerusalemu iliwabidi waulize njia, na jibu likatoka katika maandiko ya nabii. Hawakumdai Yusufu malipo. Wao ndio waliofungua hazina zao. Na yuko mtu mwingine katika Injili hiyo ambaye naye aliipenda habari ya nyota. Herode aliwaita mamajusi kwa siri, akawahoji kwa uangalifu ni wakati gani ilionekana. Akalishika jibu lao, akapiga hesabu, na kwa hesabu hiyo akawaua watoto wa kiume wa Bethlehemu, wenye miaka 2 na chini yake. Nyota ni ileile moja. Mamajusi iliwafikisha kwa mtoto, wakapiga magoti. Herode aliitumia kutafuta wa kuua. Na mamajusi, walipoonywa katika ndoto, hawakulipeleka jina kwa Herode. Walirudi kwao kwa njia nyingine.

Mama akasikiliza, asiseme kitu. Mumewe ndiye aliyesema: "Sisi tulilipeleka."

Baada ya Pasaka mama alimwomba katekista ampeleke kwa bibi. Alichukua unga, sukari na khanga mpya, na katekista anasimulia kwamba njia nzima hakuzungumza. Walipofika, bibi alikuwa nje akianika mtama. Alimtambua mara moja. Hakumwuliza amefuata nini. Aliuliza habari za wale wawili waliobaki, kama yule mdogo amekwisha kuota meno ya mbele, na hapo mama akaanguka magotini, akalia mpaka watu wa nyumba ile wakatoka kuangalia.

Bibi alimsamehe, alimwambia hivyo mbele ya katekista. Lakini kurudi hakurudi. Alisema kwamba amezeeka, na kwamba usiku akisikia mbwa wanabweka hawezi kulala. Kiwanja chake kiko vilevile upande wa magharibi. Mwembe unazaa kila mwaka, maembe huanguka, na watoto wa pale wamekatazwa kuyaokota hadi mwenyewe atume neno.